Kuhesabu vipepeo wa chuo na rangi zao: mwongozo kamili kutoka Malindi

Mwaka wa kwanza tulipohesabu vipepeo kwenye kampasi yetu hapa Malindi, daftari lilijaa majina matatu ya kujitungia: "chungwa ncha nyeusi", "chungwa tupu" na "mweusi wa madoa meupe". Tukaandika aina tatu, tukabandika orodha kwenye ubao wa maabara, tukajipongeza kwa soda. Miezi kadhaa baadaye nilikaa na wanafunzi wawili tukazikagua picha zile zile upya, na tukajikuta tumekosea huku na huku. Aina zilikuwa mbili tu. Sura zilikuwa tano.

Chungwa ncha nyeusi wengi walikuwa Danaus chrysippus, yule kipepeo wa rangi ya machungwa anayeruka polepole kama mtu asiye na deni. Chungwa tupu wengi walikuwa Danaus chrysippus huyo huyo, sura yake inayoitwa dorippus, isiyo na ncha nyeusi wala ukanda mweupe. Ila katikati ya makundi hayo mawili walijificha majike wa kipepeo mwingine kabisa, Hypolimnas misippus, ambao huiga sura zote mbili. Na mweusi wa madoa meupe, tuliyemwandika kama aina ya tatu, alikuwa mume wao.

Nimeuandika mwongozo huu ili wewe usizunguke tulikozunguka. Ukishika jambo moja tu, shika hili: kila kipepeo unayemwandika ana safu tatu, si moja. Aina yake, sura yake, jinsia yake. Safu ukishindwa kuijaza, weka alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza ni data nzuri kuliko uongo.

Ruhusa kwanza

Kutembea na daftari na kamera ndani ya chuo chako, barua moja kwa ofisi inayosimamia viwanja inatosha, na mweleze mlinzi wa lango pia, maana mtu anayechutama kwenye majani na kamera saa tatu asubuhi huzua maswali. Kazi ikiwa utafiti rasmi wa shahada, unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukitaka kukamata na kuhifadhi wadudu, au kuingia msitu wa Arabuko-Sokoke, wasiliana mapema na KWS, shirika la wanyamapori. Mwongozo huu umejengwa juu ya kuona, kupiga picha na kuachia, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi haikupeleki huko.

Kabla hujaanza, panda matatu uende Gede. Ni mwendo mfupi kutoka Malindi kwa barabara ya Mombasa. Pale karibu na magofu kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi na kuuza pupa zinazosafirishwa ng'ambo. Saa mbili za kuangalia vipepeo hai kwa karibu, huku ukiuliza wanaowafuga, zitakufunza macho kuliko wiki nzima ya kutazama picha kwenye simu. Msitu wenyewe una aina zaidi ya 250 za vipepeo, na wachache wao huja mjini kututembelea.

Kuchora njia

Usihesabu chuo kizima. Hutaweza, na hata ukiweza hutaweza tena wiki ijayo. Chora njia moja ya mita 400 hadi 600, igawe vipande sita au saba, na kila kipande kiwe na sifa yake. Yetu inaanzia kwenye safu ya mijohoro kando ya maegesho, inapita nyuma ya jiko penye bomba linalovuja, inakata bustani ndogo ya mindimu, inafuata ua wa lantana, inavuka uwanja wa mpira, kisha inaishia kwenye kichaka ambacho hakijafyekwa nyuma ya mabweni.

Kila kipande nilikichagua kwa sababu. Viwavi wa Catopsilia florella hula mijohoro na jamaa zake, kwa hiyo hapo utawapata majike wakitaga. Mndimu na mchungwa ni chakula cha viwavi wa Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi wa madoa ya manjano. Mtopetope ukiwepo, utazame vizuri, kwani Graphium angolanus hutaga humo. Bomba linalovuja nalo lina wateja wake: madume wengi hutua kwenye tope kunyonya chumvi, na hapo hukaa kimya ukawapiga picha unavyotaka. Fundi alipolitengeneza bomba letu nilisikitika peke yangu chuo kizima.

Mabogonvilia, kwa taarifa yako, hayana faida kubwa. Rangi tele, wageni wachache. Uwanja wa mpira uweke njiani hata kama unaonekana mtupu, kwa sababu utupu nao unahesabiwa, na bila huo hutajua kichaka kina thamani gani.

Kutembea

Njia ya kuhesabu tunayoitumia ilianza Uingereza miaka ya 1970, kazi ya Ernest Pollard, na tangu mwaka 1976 nchi ile inahesabu vipepeo wake kila mwaka kwa mtindo huo. Ni rahisi kiasi cha kuonekana si sayansi. Unatembea mwendo wa pole, ule ule kila mara, na unahesabu tu vipepeo walio ndani ya sanduku la kufikirika: mita 2.5 kushoto, mita 2.5 kulia, mita 5 mbele na mita 5 juu. Aliye nje ya sanduku, hata awe mzuri namna gani, haandikwi. Aliye nyuma yako haandikwi. Ukisimama kupiga picha, hesabu nayo inasimama, kisha unaendelea kutoka pale pale.

Muda ndio uliotutesa. Miongozo ya Ulaya inakuonya juu ya baridi. Sisi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, adui wetu ni jua la mchana. Anza saa mbili u nusu asubuhi, umalize kabla ya saa tano. Kuanzia saa sita wengi hujificha kivulini na hesabu yako itasema vipepeo hawapo, kumbe wamelala. Andika mawingu, upepo na mvua ya jana. Kusi ikivuma kwa nguvu, vipepeo hukimbilia upande wa kaskazini wa majengo. Siku kama hiyo ahirisha, usijilazimishe.

Mara moja kwa wiki, mwaka mzima. Najua hili ndilo linalowaangusha wengi, hasa muhula ukifungwa na wanafunzi wakienda makwao. Pangeni watu wawili wanaoishi mjini wa kushika zamu za likizo. Hesabu inayokatika kila Aprili na Agosti inakatika penye utamu, maana mvua za masika huwa zinashika Aprili hadi Juni na kilele chake ni Mei, na baada yake ndipo majani mapya na viwavi huwa vingi.

Vifaa si vingi: daftari la jalada gumu, penseli (kalamu ya wino hulia kwenye jasho na mvua), simu yenye kamera nzuri, kipande cha kadi ya kijivu, na wavu. Wavu ushone mwenyewe kwa chandarua laini, mdomo wake waya mnene, mpini fito ya mita moja. Ukimkamata kipepeo, mshike kwa vidole viwili, mabawa yote manne yakiwa yamefumbwa, karibu na kiwiliwili. Ule unga unaobaki vidoleni ni magamba yake, na ndiyo rangi yenyewe. Kadiri unavyomshika ndivyo unavyomfuta.

Macho yanapodanganya

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo.

Tuanze na wale wawili wa mwanzo. Danaus chrysippus viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na sumu ya mimea hiyo huwafanya wasilike. Ndege aliyemwonja mara moja hukumbuka. Jike wa Hypolimnas misippus hana sumu hiyo, lakini amevaa leso ile ile. Henry Bates, mtafiti Mwingereza, aliyaeleza maigizo ya namna hii mwaka 1862 kutokana na vipepeo wa Amazon, na sisi tunayo nyuma ya mabweni.

Kuwatofautisha, sahau bawa la mbele, lile ndilo la kukupumbaza. Angalia bawa la nyuma, katikati. Danaus ana madoa meusi matatu au manne yaliyokusanyika hapo. Jike wa Hypolimnas ana doa moja tu, tena karibu na ukingo wa mbele wa bawa. Doa hilo likifunikwa na bawa la mbele, subiri afungue. Kanuni hii inafanya kazi kwa mwenye ncha nyeusi na kwa asiye nayo. Kisha, ukishajua ni Danaus, hesabu madoa tena: dume huwa na la nne, ambalo ni mfuko mdogo wa harufu, na jike hubaki na matatu. Kwa hiyo kwa picha moja nzuri ya bawa la nyuma umejaza safu mbili, aina na jinsia, na bawa la mbele linakupa ya tatu.

Sura za Danaus chrysippus nazo zina mpangilio. Andika "chrysippus" kwa mwenye ncha nyeusi na ukanda mweupe, "dorippus" kwa asiye nayo, "alcippus" kwa mwenye ncha nyeusi na bawa la nyuma lililopauka kuwa jeupe. Afrika Mashariki ni mahali sura hizi zinapokutana na kuzaana, kwa hiyo utawaona pia wa katikati, wenye kivuli hafifu cha ukanda mweupe. Hao waandike "kati". Usiwasukume kwenye kisanduku kisicho chao ili jedwali lipendeze.

Mwingine wa kukutoa jasho ni Papilio dardanus. Dume ni wa manjano hafifu na mikia mirefu, humkosei. Jike hana mkia, na anaweza kuwa mweusi na mweupe akimwiga kipepeo wa jamii ya Amauris mwenye sumu, au akawa na rangi ya machungwa akimwiga mwingine. Wataalamu waliwaandika kama aina mbalimbali mpaka Roland Trimen alipotoa maelezo yake mwaka 1869 kwamba ni jike na dume wa aina moja. Cha ajabu, kule Madagaska majike wamebaki na sura ya dume, manjano na mkia. Kwa hiyo ukimwona "Amauris" mjini anayeruka kwa haraka na kuhangaika juu ya miti ya jamii ya mndimu, akigusa majani kama anayetafuta chumba cha kupanga, mtazame mara ya pili. Amauris hana haja na mndimu.

Catopsilia florella ni mtego mdogo zaidi. Madume ni weupe wenye ukijani kidogo, majike wengine weupe na wengine manjano. Aina moja. Wanapohama kwa makundi utawaona wakivuka uwanja wote upande mmoja. Hesabu waliopita ndani ya sanduku na uandike mwelekeo wao.

Halafu kuna wanaobadilika kwa msimu. Vipepeo wa kahawia wa vichakani, jamii ya Bicyclus, wakikua wakati wa mvua huwa na macho makubwa ya duara ukingoni mwa mabawa, na wakikua wakati wa ukame macho hayo hupungua mpaka karibu kutoweka, wakafanana na jani kavu. Sababu yake inaeleweka: wakati wa majani mabichi macho yale humfanya adui adonoe ukingo wa bawa badala ya kichwa, wakati wa ukame, kujificha ndiyo salama. Waliochunguzwa sana, wa Malawi, hupata taarifa kupitia joto analolipata kiwavi: baridi ikiingia, ukame uko njiani. Sasa fikiria Malindi. Kwetu miezi ya ukame, kaskazi ya Januari hadi Machi, ndiyo ya joto kali, na ubaridi kidogo huja na kusi, ardhi ikiwa bado na unyevu. Ishara imegeuzwa juu chini. Mwanafunzi anayetafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho asiende mbali: apime kipenyo cha macho hayo kwa miezi kumi na miwili, aweke na vipimo vya joto na mvua pembeni.

Kuandika rangi, si kuisifia

"Chungwa" yangu si "chungwa" yako. Nimewahi kumpa picha moja watu watano, wakaleta kahawia, kutu, dhahabu, chungwa na "rangi ya chai ya maziwa". Ndiyo maana ya kadi ya kijivu. Piga picha kipepeo akiwa kivulini, weka kadi karibu naye kwa mwanga ule ule, na baadaye sawazisha picha zote kwa kadi hiyo kwenye programu yoyote ya picha. Zima flashi. Usitumie vile vichujio vya simu vinavyoyafanya maisha yote yaonekane kama tangazo la hoteli ya Watamu.

Andika pia uchakavu: 1 kwa mpya, 2 kwa aliyefifia, 3 kwa aliyechanika. Mweusi aliyechakaa huwa kahawia, na kahawia huyo si sura mpya.

Kuna rangi ambazo si rangi. Nyeusi na kahawia hutokana na melanini iliyomo ndani ya gamba, na weupe na manjano ya jamii ya Catopsilia hutokana na kemikali nyingine. Lakini buluu nyingi hutokana na umbile la gamba lenyewe, tabaka nyembamba zinazoakisi mwanga wa aina moja. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mchukue dume wa Hypolimnas misippus, mweusi wa madoa meupe: kuzunguka kila doa kuna mng'ao wa zambarau, ukimwinamisha kidogo unapotea, ukimrudisha unawaka. Kwa hiyo kila mwenye buluu au zambarau mpige picha tatu, kutoka juu, kutoka kulia na kutoka kushoto, na uandike "inang'aa" au "haing'ai". Tukumbuke pia kwamba vipepeo huona mwanga wa urujuanimno, ambao sisi hatuuoni, na kwenye macho yao madume na majike tunaowaona sawa wanaweza kutofautiana waziwazi.

Mtego wa ndizi

Njia ya kutembea haiwapati Charaxes, wale wenye mabawa mazito wanaopenda vilele vya miti. Hao hawajali maua, wanataka matunda yaliyooza. Shona mfuko wa chandarua wenye umbo la ndoo, urefu wa mita moja, ufunge juu na uache wazi chini. Ning'iniza sahani chini yake, ukiacha nafasi ya vidole vitatu. Ponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, uziache kwenye chombo kilichofunikwa siku tatu. Wengine huongeza tembo, ile pombe ya mnazi, na hufanya kazi haraka. Asiyetaka kulishika, ndizi peke yake zinatosha, zingoje tu siku moja zaidi. Kipepeo anaingia chini, anakula, anaruka juu kwa tabia yake, anabaki ndani.

Paka grisi kwenye kamba la sivyo utavua siafu. Kagua kila siku asubuhi, usimwache mtu ndani mpaka jua la mchana. Kila unayemwachia mtie nukta moja ya kalamu ya felti chini ya bawa, usije ukamhesabu kesho kama mgeni.

Kufuga wachache

Tafuta kwenye mndimu viwavi vinavyofanana na kinyesi cha ndege. Hao ni watoto wa Papilio demodocus. Wakikua hugeuka kijani, na ukiwagusa hutoa pembe mbili za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Waweke kwenye chupa pana yenye chandarua mdomoni, majani mabichi kila siku, kinyesi kitolewe kila siku. Kutoka yai hadi kipepeo ni kama mwezi mmoja na zaidi kidogo. Nusu wape vijiti vya kijani, nusu vijiti vikavu vya kahawia, na andika pupa zimechukua rangi gani. Ni jaribio la shilingi sifuri, na ndilo lililowavuta wanafunzi wa biashara kuingia klabu yetu.

Hesabu za mwisho wa mwezi

Orodha ya aina peke yake haitoshi. Chukua mfano wa kubuni. Bustani ina vipepeo 100 wa aina nne: 50, 30, 15 na 5. Kichaka kina 100 pia, aina nne, kila moja 25. Idadi ni sawa, aina ni sawa, lakini ukipita bustanini nusu ya unaowaona ni wa aina moja.

Kipimo cha Simpson, ambacho hupanda kadiri mchanganyiko unavyokuwa mkubwa, kinalionyesha hilo. Gawanya kila idadi kwa jumla, zidisha jibu kwa lenyewe, jumlisha yote, toa kutoka 1. Bustani: 0.25 + 0.09 + 0.0225 + 0.0025 ni 0.365, kwa hiyo 0.635. Kichaka: 0.75. Kipimo cha Shannon hutumia kitufe cha ln kwenye kikokotoo: kila sehemu izidishwe kwa ln yake, jumlisha, ondoa alama ya kutoa. Bustani ni 1.14, kichaka 1.39. Simpson huwasikiliza zaidi waliojaa, Shannon huwakumbuka kidogo wale wachache. Andika vyote viwili.

Kisha fanya ambalo wengi hawafanyi: tumia Simpson ile ile ndani ya aina moja, kwa sura zake. Ukiwa na Danaus 40, dorippus 30 na chrysippus 10, unapata 1 toa 0.5625 toa 0.0625, yaani 0.375. Namba hiyo ikipanda au kushuka kutoka kaskazi hadi kusi, una habari ambayo orodha ya aina isingekupa kamwe. Usichanganye tu namba hizi mbili kwenye jedwali moja. Moja ni ya aina, nyingine ni ya sura.

Picha ziite kwa mpangilio mmoja: mwaka, mwezi, siku, kipande, namba. Mfano, 2025-05-14-K3-07. Nakala moja kwenye kompyuta ya maabara, nyingine kwenye diski ya nje inayokaa nyumbani kwa mtu, maana vyumba vyetu vya pwani vina unyevu na chumvi, na diski hazipendi vyote viwili. Zilizo wazi zipakie iNaturalist, mtandao wa kushirikiana picha za viumbe, ukitaja sura na jinsia kwenye maelezo, ili anayezithibitisha kutoka mbali asirudie kosa letu la mwaka wa kwanza.

Orodha ya mwanzo bado iko kwenye ubao wa maabara. Hatukuitoa. Tumeandika tu pembeni yake, kwa penseli: aina 2, sura 5, na tarehe tuliyogundua.